Kukunja kifundo cha mkono: mbinu ambayo judo iliifungia mlango

Mchezaji mmoja amelala chini, mwenzake amemnasa mkono na anataka kuunyoosha ili auminye kwenye kiwiko, yaani pale mkono unapojikunja katikati. Yule wa chini anakataa. Anaukunja mkono, anaukaza, anauficha karibu na kifua. Wa juu anaacha kuvuta. Anakibana kile kiwiko kwenye kifua chake mwenyewe, anaweka viganja nyuma ya mkono wa mwenzake na kuuvuta taratibu kwake. Kiganja kinajikunja kuelekea upande wa ndani wa mkono. Wa chini anapiga tatami mara mbili. Pambano limekwisha, na watu waliokaa kando wanaulizana kilichotokea, kwa sababu hakuna shingo iliyokabwa wala mguu uliovutwa.

Wabrazil wanaiita mbinu hiyo mão de vaca, yaani mkono wa ng'ombe, kwa sababu mkono uliokunjwa namna ile unafanana na kwato. Kwa Kireno chao maneno hayo hayo humtaja pia mtu mchoyo. Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko jiu-jitsu ya Brazil. Ilitoka Japani, na huko Japani kwenyewe ilipitia mambo mengi.

Jigoro Kano alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa amejifunza jujutsu ya zamani, ambayo ndani yake kulikuwa na mbinu za kuvunja karibu kila kiungo: vidole, vifundo, viwiko, magoti. Kano alikuwa mwalimu wa shule. Alitaka mchezo ambao kijana anaweza kuufanya leo kwa nguvu zake zote, na kesho akarudi mazoezini akiwa mzima. Basi sheria zikaanza kupunguza. Kwenye kanuni za mwaka 1899 na zile zilizofuata, vifundo vya mkono na vya mguu viliwekwa kando. Kufikia mwaka 1925 kilibaki kiwiko peke yake. Hadi leo, katika judo ya mashindano, anayemkunja mwenzake kifundo cha mkono anafanya kosa, na mwamuzi anaadhibu.

Wapenda judo wa Kivu wanajua vizuri pambano moja lililopiganwa chini ya sheria hizo. Mwezi wa nane mwaka 2016, kwenye michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alipanda tatami katika timu ya wakimbizi. Yeye na Yolande Mabika, ambaye pia ni mzaliwa wa Bukavu, walikuwa wamebaki Brazil tangu mashindano ya dunia ya mwaka 2013. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na bingwa wa dunia Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Dakika zote hizo mikono ya wachezaji ilikuwa kwenye kimono cha mwenzake, ikishika, ikinyang'anywa, ikirudi tena. Vifundo vilikuwa wazi mbele ya kila mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa kwa nia hiyo. Lakini katika mji huo huo wa Rio, kwenye kumbi za jiu-jitsu, kuna watu wanaovitafuta vifundo hivyo kila jioni.

Hata jiu-jitsu haikufungua mlango wote. Kwenye mashindano makubwa yanayofuata sheria za shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazil, watoto na wenye mkanda mweupe hawaruhusiwi kukunja kifundo. Mtu mzima anaruhusiwa kuanzia mkanda wa bluu. Katika mapigano ya MMA, sheria inakataza kuvunja vidole, siyo kifundo, lakini mbinu hii haionekani sana huko. Jasho linafanya mkono uteleze, na bandeji pamoja na glovu zinakaza kifundo kabla ya mpinzani kukifikia.

Sababu ya tahadhari hiyo iko ndani ya kifundo chenyewe. Pale panakutana mifupa miwili mirefu ya mkono na mifupa midogo minane iliyopangwa kama kokoto, ikishikwa pamoja na mishipa migumu. Goti lina misuli mikubwa ya paja inayolilinda. Kifundo hakina ulinzi wa namna hiyo: misuli mingi inayoendesha vidole iko juu zaidi, karibu na kiwiko, na inayofika kifundoni ni kamba zake tu. Mtu akikazwa kiwiko, anahisi mkono unanyooka polepole na ana muda wa kuamua. Kwa kifundo, umbali kati ya maumivu ya kwanza na kuumia kwenyewe ni mfupi sana. Anayesubiri aone kama anaweza kuvumilia, mara nyingi amechelewa.

Kuna jambo lingine ambalo wanaoanza hawalielewi haraka. Kifundo kinajikunja mbele, nyuma na pembeni, lakini hakijisokoti. Kusokota kunafanywa na ile mifupa miwili mirefu, mmoja ukizunguka juu ya mwenzake. Ndiyo maana mtu anayeshika vidole vya mwenzake na kuvizungusha kama anafungua bomba hapati kitu: mkono wote unazunguka, bega linafuata, na mwenye mkono anaondoka. Mbinu inafanya kazi pale tu kiwiko kinapokosa pa kwenda. Kikibanwa kifuani, sakafuni au chini ya kwapa, nguvu yote inaishia kifundoni. Kikiachwa huru, hakuna mbinu tena, ni kushikana mikono tu.

Aikido inatumia njia tofauti ya kumnyima mtu pa kwenda. Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883, alijifunza mbinu nyingi za kifundo kwa Sokaku Takeda, mwalimu mkali wa Daito-ryu, kabla ya kuunda mchezo wake mwenyewe. Katika kote gaeshi, mkono unakunjwa huku ukigeuzwa kuelekea nje, na mwili wa mtu unalazimika kuufuata. Yule anayeshikwa anajitupa mwenyewe, anaanguka kwa mpangilio, na kwa kuanguka huko anakiokoa kifundo chake. Kwa mtazamaji inaonekana kama mchezo wa kuigiza. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwa kuwa wawili hao wamekubaliana, lakini asiyejua kuanguka na akakataa kuanguka ndiye anayeumia.

Swali la kama mbinu hizo zinaweza kumshika mtu asiyekubali lilimsumbua Kenji Tomiki, aliyekuwa mwanafunzi wa Kano na wa Ueshiba vilevile. Ueshiba hakutaka mashindano katika aikido. Tomiki aliona kwamba bila mpinzani anayekataa, mwanafunzi hawezi kujua anachojua. Akapanga mbinu 17 za kufanyia mazoezi ya kupambana, nne kati yake za kifundo. Mwaka 1956 alishiriki pia kutunga Kodokan Goshin Jutsu, mpangilio wa mbinu 21 za kujilinda, ambamo adui anakuja mikono mitupu, na kisu, na fimbo, hata na bastola. Hapo ndipo kifundo kilirudi ndani ya judo kwa mlango wa nyuma: marufuku kwenye mashindano, ruhusa kwenye mpangilio ambao kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini.

Siku hizi mlango wa nyuma ni simu. Kijana wa Goma au Uvira anaweza kuona video hamsini za kukunja kifundo kwa usiku mmoja, na karibu zote zinaonyesha kitu kimoja: adui ananyoosha mkono, anauacha hewani, anasubiri. Mtu mwenye kisu hafanyi hivyo. Anachoma na kurudisha mkono kabla haujashikwa, na mkono wake wa pili nao unafanya kazi. Kumfundisha mtu kwamba atakidaka kifundo kile barabarani ni kumpa ujasiri ambao unaweza kumgharimu maisha. Mtu aliyezoea mapambano hukipata kifundo akiwa tayari amemdhibiti mwenzake, amemlaza au amembana ukutani. Polisi wanaofundishwa kutia pingu wanaanzia hapo hapo: kwanza mwili, kisha mkono.

Kwa hiyo namna ya kujifunza ina uzito kuliko mbinu yenyewe. Mwalimu makini haanzi na kifundo. Anaanza na namna ya kuanguka, namna ya kumlalia mtu asisogee, namna ya kukamata kiwiko. Baadaye ndipo anaruhusu kifundo, kwanza bila nguvu, huku mshikaji akienda polepole na kusimama pale anapohisi mkono umefika mwisho. Kuminya kwa ghafla, kama mtu anayevunja kijiti, hakuna nafasi kwenye mazoezi. Ukumbi ambao wanafunzi wakongwe wanawakunja wapya vifundo kwa mshangao ili wacheke, huo ni ukumbi wa kuhama.

Maana gharama haiko kwenye tatami tu. Anayesukuma chukudu kwenye miteremko ya Goma, fundi cherehani, mjenzi, mama anayekanda unga wa maandazi alfajiri, wote wanaishi kwa vifundo vyao. Mishipa iliyovutika kifundoni inaweza kuuma kwa miezi, na maumivu yanarudi kila mtu anapojiinua kwa viganja au kufungua kifuniko cha chupa.

Kuna mfupa mmoja unaostahili kutajwa peke yake. Uko chini ya kidole gumba, ndani ya kile kibonde kinachoonekana mtu akikinyanyua kidole hicho. Mara nyingi unavunjika mtu anapoanguka na kujizuia kwa kiganja, jambo ambalo kwenye michezo ya kuangushana hutokea kila siku. Damu yake inaingia zaidi kwa upande mmoja, kwa hiyo ukivunjika unapona polepole, na wakati mwingine sehemu yake inakufa. Ubaya ni kwamba unafanana na kuteguka kwa kawaida: uvimbe mdogo, maumivu ya kuvumilika. Wapo wanaokimbilia kukandwa kwa maji ya moto na kurudi mazoezini baada ya siku tatu. Anayesikia maumivu akibonyeza kibonde hicho anapaswa kwenda hospitalini kupigwa picha ya mifupa. Hata picha ya kwanza isipoonyesha kitu, madaktari huufunga mkono na kurudia picha baada ya siku kumi hadi kumi na nne, kwa sababu ufa mdogo huchelewa kuonekana.

Kwenye tatami kinga ya kwanza ni kupiga mapema, na hilo nalo linafundishwa. Mkono ulioshikwa hauwezi kupiga, kwa hiyo mwanafunzi anazoezwa kutumia ule mwingine, juu ya mwili wa mwenzake ili ahisi, siyo juu ya tatami ambako huenda hatasikia. Mikono yote miwili ikiwa imenaswa, anapiga kwa mguu, au anapaza sauti, na mwenzake anaachia papo hapo, kabla ya kuuliza.