Mfundishe Mtoto Kuosha Uso Wake

Mama mpenzi, kesho asubuhi mtazame mwanao usoni. Je, ana tongotongo machoni? Makamasi yamekauka juu ya mdomo? Inzi wametua wangapi? Usiseme, "Watoto wote ndivyo walivyo." Katika uso mchafu ndimo unamopita ugonjwa wa vikope, ambao madaktari huuita trakoma. Hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaopofusha watu wengi kama huo duniani.

Vikope huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Hukaa katika tongotongo na makamasi ya mtoto mgonjwa, kikahamia kwa mwenzake kwa mikono, kwa nguo ya kupangusia, na kwa miguu ya inzi. Mtoto akiugua mara moja, aweza kupona. Lakini akiambukizwa tena na tena miaka mingi, kope hufanya makovu kwa ndani na kujikunja. Nywele zake hukwaruza jicho kila apepesapo, na mwisho wake ni upofu.

Tena mlezi huambukizwa na mtoto. Ndiyo sababu wanawake wanaopatwa na kope za kujikunja ni wengi kuliko wanaume. Basi ukiosha uso wa mwanao, walinda na macho yako mwenyewe.

Huko Kongwa, mkoani Dodoma, madaktari walifanya majaribio katika vijiji 6, wakatangaza matokeo mwaka 1995. Watoto wa vijiji vyote walitiwa dawa ya macho. Katika vijiji 3 wazazi walihimizwa pia kuosha nyuso za watoto. Mwaka ulipokwisha, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi katika vijiji hivyo 3. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichozidi ni usafi wa uso.

Labda utajibu, "Maji nayafuata mbali, nitayamwagaje?" Ni kweli, maji ni kazi. Lakini uso wa mtoto hautaki ndoo. Kikombe kimoja kikimiminwa kidogo kidogo huosha watoto wawili watatu. Sabuni ikiwapo, vizuri. Isipokuwapo, maji matupu nayo huondoa tongotongo.

Lakini mama hawezi kumfuata mtoto kutwa nzima. Yafaa mtoto mwenyewe azoee. Samaki mkunje angali mbichi. Basi fanyeni hivi:

1. Baba atoboe tundu dogo katika kibuyu au kopo, azibe kwa kijiti, akitundike karibu na mlango, mahali mkono wa mtoto unapofika. Mtoto hupenda kitu kilicho chake.

2. Mtoto wa miaka miwili, mwoshe huku ukimwonyesha: kwanza mikono, kisha macho, kisha pua. Akifika miaka minne, mwache aoshe mwenyewe, nawe umkague.

3. Chagueni saa zisizobadilika: aamkapo, na jioni kabla ya kulala. Msingoje Jumapili asubuhi kabla ya Misa. Inzi hawangoji Jumapili.

4. Usiwapanguse watoto wote kwa pindo moja la kanga, maana ndivyo unavyowagawia ugonjwa. Kila mmoja awe na kitambaa chake, au uso ukauke kwa upepo.

5. Dada anayembeba mdogo wake mgongoni afundishwe pia, maana yeye ndiye mlezi wa mchana.

6. Mtoto akikumbuka bila kuambiwa, msifu. Akisahau, mkumbushe kwa upole. Kiboko kitamfanya ayachukie maji.

Nawe baba, kazi yako haiishi kwenye kibuyu. Inzi wanaoleta vikope huzaliana katika mavi ya watu yaliyoachwa wazi. Chimba choo, na watoto wafundishwe kukitumia.

Ukiona macho ya mtoto ni mekundu na yanatoa usaha, mpeleke zahanati. Usimtie maji ya majani. Bibi anayelalamika kwamba kope zinamchoma apelekwe hospitali, maana kope zilizojikunja hurekebishwa kwa upasuaji.

Malawi ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa vikope si tishio tena kwa watu wake, na Burundi mwaka 2025. Huko nako kuna vijiji vyenye vumbi na inzi kama vyetu. Wazazi wapendwa, kibuyu na kitundikwe leo hii. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.