Mama Arudi Kazini, au Akae Nyumbani?

Wakulima wengi wa skimu za Shimba Hills na Mtwapa wana binti, au mkaza mwana, afanyaye kazi ya mshahara Mombasa. Mara nyingi mshahara huo ndio ununuao mbegu kabla ya masika, na ndio ulipao karo. Basi mama huyo akijifungua, shauri lake si lake peke yake. Ni shauri la shamba zima.

Tuwaze mama wa namna hiyo. Akaa Likoni na mumewe, na hushona nguo katika kiwanda huko Changamwe. Alfajiri huvuka kwa feri mpaka kisiwani, kisha hupanda matatu ya kupita Makupa. Sasa amemaliza arubaini. Mtoto hajui chakula ila ziwa la mamake, na siku ya kurudi kazini yakaribia. Mavyaa wake, aliye shambani, asema, "Mwanangu, acha kazi ulee." Mume asema, "Tukiukosa mshahara huo tutakula nini?" Mama mwenyewe hana usingizi.

Wote wana haki. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe maziwa ya mama matupu kwa miezi 6, hata maji asipewe. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Taabu yote, basi, imo katika ile miezi 3 iliyobaki. Yafaa ifanyiwe shauri mapema, kabla mtoto hajazaliwa.

Kwanza, barua. Mama amwandikie mwajiri siku zisizopungua 7 kabla ya kuanza likizo, ataje siku atakayoanza, na aseme kwamba atarudi. Nakala aiweke. Mwajiri aweza kutaka cheti cha daktari au mkunga. Kumfukuza mwanamke kwa sababu ya mimba si halali. Hata kibarua asikate tamaa: aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, sheria hiyo yaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi.

Pili, likizo ya mwaka. Chini ya sheria ya mwaka 1976 mama alipata miezi 2 tu, na likizo yake ya mwaka huo ilipotea. Siku hizi haipotei. Mwajiri akikubali, zile siku 21 zaweza kufuata likizo ya uzazi, na mtoto atakaribia miezi 4 kabla mamake hajarudi kazini. Baba naye ana wiki 2 za likizo kwa mshahara kamili. Asizimalize barazani.

Tatu, kukamua maziwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia, na ampe mama nafasi, isiyozidi jumla ya saa moja katika kazi ya saa 8, mbali na wakati wa chakula. Nafasi hiyo asiiache. Kila mfugaji ajua kwamba ng'ombe asiyekamuliwa hukauka, na ziwa la mama ni hivyo hivyo. Mama anawe mikono kwa sabuni, akamulie katika chombo safi chenye kifuniko. Kwa joto la Mombasa, maziwa yasikae nje zaidi ya saa 4. Yakiwekwa katika kisanduku chenye barafu hufika nyumbani salama. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi, maana chupa ni ngumu kusafisha.

Nne, mlezi. Hapa ndipo mavyaa afaapo kuliko mtu yeyote. Badala ya kumwambia mkaza mwana aache kazi, aweza kushuka Likoni kwa miezi michache. Lakini palizi yake shambani ifanywe na wanaume, isimngojee. Asiyeweza kumsaidia mama kwa jembe hilo asimlaumu kwa kurudi kazini.

Baada ya hayo, chukueni daftari. Andikeni mshahara, kisha toeni nauli, chakula cha mchana na ujira wa yaya. Kikibaki kidogo, na shamba lina kazi ya kuleta zaidi ya hicho, mama aweza kukaa nyumbani bila haya. Kulima, kufuga kuku na kulea ni kazi pia, na apewe sehemu yake katika fedha za mavuno. Kikibaki kingi, arudi bila kuitwa mama mbaya.

Kalamu mpeni yeye. Ndiye atakayeamka alfajiri, ama kwa feri, ama kwa jembe.