Bajeti ya chama Muheza: usigawe kwa 12

Wadau, hili nimejifunzia kazini, kwenye umeneja wa chama kidogo cha wakulima wa machungwa hapa Muheza. Kozini tulifundishwa kugawa makisio ya mwaka kwa 12, basi. Huku haiendi hivyo! Machungwa yakiiva malori yanajaa na hela inaingia. Msimu ukiisha ni ukame, ila karani na mlinzi wanataka mshahara wao kila mwezi.

Chukulia mapato ni milioni 12 kwa mwaka, matumizi laki 9 kwa mwezi. Kwenye karatasi kuna ziada ya milioni 1.2, safi kabisa. Sasa kama milioni 9 zinaingia ndani ya miezi 4 ya msimu, miezi 8 iliyobaki inapata milioni 3 na kula milioni 7.2. Pengo: milioni 4.2. Hizo lazima zitengwe benki msimu ungali moto, kabla wajumbe hawajaanza habari za pikipiki.

Makisio ya chama cha ushirika yanapitishwa na mkutano mkuu, kwa hiyo mimi wanachama nawapelekea jedwali la mwezi kwa mwezi. Pikipiki hatujanunua, na kuna wazee bado wamenuna.