Maji Yaligawanywa Sawa, na Kilima Kikapona

Mkulima akiona maji ya mto yamekuwa mekundu wakati wa mvua, hujua ya kuwa shamba la mtu linasafiri. Lakini ni shamba la nani? Na ni nani atakayelizuia lisisafiri? Maswali hayo mawili yaliulizwa katika nchi ya India, na majibu yake yalipatikana katika kijiji kidogo cha wafugaji kiitwacho Sukhomajri. Habari zake zafaa kusomwa na kila mtu aliye na shamba chini ya kilima, na zaidi na yule aliye na mbuzi juu yake.

ZIWA LILILOJAA MATOPE

India ilipogawanyika mwaka 1947, mji mkuu wa jimbo la Punjab, yaani Lahore, uliangukia upande wa Pakistan. Kwa hiyo ulijengwa mji mpya kabisa, Chandigarh, karibu na vilima vya Shivalik. Mwaka 1958 kijito kimoja kilizibwa kwa ukuta wa udongo, likatokea ziwa la Sukhna, ili watu wa mji wapate mahali pa kupumzika jioni.

Ziwa lilikuwa zuri, lakini uzuri wake ulikuwa na adui. Katika sehemu hizo mvua nyingi hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na kila mwaka vijito vilishuka kutoka vilimani vikiwa vizito kwa udongo. Ilipofika mwaka 1974 zaidi ya nusu ya ziwa ilikuwa imejaa matope. Kuyachimba na kuyaondoa kulikula fedha nyingi, na mvua zilizofuata zilileta mengine.

Kazi ya kutafuta dawa ilipewa kituo cha serikali cha utafiti wa hifadhi ya udongo na maji kilichokuwa hapo Chandigarh. Mkubwa wa kazi hiyo alikuwa Bwana P. R. Mishra. Yeye na wenzake hawakukaa kando ya ziwa wakayatazama matope. Waliyafuata yalikotoka, wakapanda vijito mpaka vilimani, na huko wakaona ya kuwa sehemu kubwa ya udongo ilitoka mahali pachache tu. Pamoja na mahali hapo palikuwa na vilima vilivyo juu ya Sukhomajri.

HALI YA KIJIJI

Wakati huo Sukhomajri ilikuwa na jamaa wapatao sitini, wengi wao wa kabila la Gujjar, ambao ni wafugaji tangu zamani. Mashamba yao yalikuwa madogo na yalitegemea mvua. Mvua ikikosa, ngano ilikauka. Kwa hiyo waliweka tegemeo lao katika mifugo, na mifugo ilifunguliwa kila asubuhi ikapanda kilimani kujitafutia.

Kilima hakikuwa mali yao bali cha Idara ya Misitu, na kitu kisicho changu sikichungi. Mbuzi walikula majani, kisha wakala machipukizi ya miti, mpaka ardhi ikabaki tupu. Mvua iliponyesha hapakuwa na kitu cha kuipokea. Maji yalikimbia yakachimba makorongo, na makorongo hayo yakaanza kula hata mashamba ya kijiji chenyewe. Basi matope yaliyojaza ziwa la watu wa mjini yalikuwa pia chakula cha watu wa kijijini kilichopotea.

Wataalamu walianza kama ilivyo desturi yao. Walipanda miti, wakachimba mitaro, wakajenga vizuizi katika makorongo. Kazi ilikuwa njema, lakini mifugo iliendelea kupanda kilimani. Huwezi kumwambia mtu afunge mbuzi wake wakati hana majani ya kuwapa, wala kumweka askari chini ya kila mti.

BWAWA LA KWANZA

Mwaka 1976 lilijengwa bwawa dogo la udongo karibu na kijiji. Nia yake ilikuwa kuzuia korongo lisizidi kula mashamba, lakini bwawa likijengwa maji hukusanyika. Mwaka uliofuata mvua zilikosa wakati ngano ilipokuwa ikizihitaji sana, na wakulima wakaomba maji yale. Walipewa, na ngano ikaokoka.

Siku hiyo ilifanya kazi kuliko hotuba nyingi. Watu walitaka mabwawa zaidi, naye Bwana Mishra akawaeleza jambo rahisi: bwawa chini ya kilima kilicho uchi litajaa matope kwa miaka michache tu. Mwenye kutaka maji shambani sharti kwanza apumzishe kilima. Kwa mara ya kwanza wanakijiji waliona faida yao wenyewe katika jambo ambalo zamani lilikuwa faida ya watu wa ziwa peke yao.

SWALI LA MTU ASIYE NA SHAMBA

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Maji ya bwawa huenda kwenye shamba. Lakini katika kijiji walikuwako watu wasio na shamba kabisa, na wengine ambao mashamba yao hayakuweza kufikiwa na maji. Hao ndio waliotegemea mbuzi kuliko wengine wote. Wao waliuliza kwa nini waondoe mbuzi wao kilimani ili shamba la jirani linywe maji, nao wasipate kitu. Na bila wao mpango wote ungevunjika, kwani mbuzi wa mtu mmoja mkaidi watosha kumaliza miche ya kijiji kizima.

Lilikuwa swali la haki, na lilijibiwa kwa haki. Ilikubaliwa ya kuwa kila nyumba katika Sukhomajri itakuwa na sehemu sawa ya maji, iwe ina shamba au haina. Asiye na shamba aliweza kuuza sehemu yake, au kumpa jirani mwenye shamba kisha wagawane mavuno.

Tangu hapo kila mtu alikuwa na mali ndani ya bwawa, na mwenye mali hulinda. Wataalamu waliita jambo hilo ua wa jamii, yaani ua usio na waya wala miiba, uliojengwa kwa mapatano ya watu. Waya ukikatwa usiku hakuna ajuaye, lakini mapatano yakivunjwa majirani wote huona.

CHAMA NA KAZI YAKE

Wanakijiji waliunda chama chao. Chama kiligawa maji na kutoza ada kwa saa, ili zipatikane fedha za kutengeneza mabomba na kuta za mabwawa. Aliyepeleka mifugo katika sehemu iliyofungwa alitozwa faini.

Kilima kilipopumzishwa, majani yalirudi, na pamoja nayo jani liitwalo bhabbar, ambalo husokotwa kamba na hutumiwa katika viwanda vya karatasi. Zamani Idara ya Misitu iliuza haki ya kukata majani hayo kwa mnada, na kontrakta aliyeshinda aliweza kuwauzia wanakijiji majani ya kilima kilicho mlangoni pao. Katika miaka ya 1980 mpango ulibadilishwa, na haki hiyo ikapewa chama kwa malipo. Sasa majani ya ng'ombe yalikatwa kwa bei nafuu, na faida ya bhabbar iliingia katika mfuko wa kijiji.

Mifugo nayo ilibadilika. Mbuzi walipungua, na mahali pao wakaja nyati wa kufugwa wa huko, ambao hukamwa kama ng'ombe. Walifungwa nyumbani wakakatiwa majani, na maziwa yao yakauzwa.

Kwa hesabu zilizochapishwa, mwaka 1976 vilima hivyo vilikuwa na miti 13 tu katika kila hekta moja, yaani kama ekari mbili na nusu. Mwaka 1992 ilihesabiwa miti 1,272. Matope yaliyoshuka kuelekea ziwani yalipungua sana. Fedha za kijiji zilionekana hata na ofisi ya kodi ya mapato, ambayo ilikuja kudai sehemu yake. Kodi haimfurahishi mtu, lakini ofisi ya kodi haipotezi safari kwenda kwa maskini!

JINSI HABARI ZILIVYOENEA

Kijiji kidogo hakina sauti kubwa. Sukhomajri ilipata msemaji katika Bwana Anil Agarwal, aliyesomea uhandisi kisha akawa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1974 aliandika habari za wanavijiji wa milima ya Himalaya waliokumbatia miti ili isikatwe. Hapo alijifunza ya kuwa maskini hawana anasa ya kuacha ardhi iharibike, kwa sababu kuni, maji na majani yao yote hutoka humo.

Mwaka 1980 alianzisha Delhi Kituo cha Sayansi na Mazingira, na mwaka 1982 kituo hicho kilitoa taarifa kubwa juu ya hali ya nchi, iliyoandikwa kwa msaada wa raia wengi na si na serikali. Mwaka 1986 Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alimwita azungumze na mawaziri wake. Pamoja na mwenzake Bibi Sunita Narain, Bwana Agarwal aliandika mara nyingi juu ya Sukhomajri, akishikilia ya kuwa kijiji hakiwezi kuponya ardhi ambayo hakina mamlaka juu yake. Mwaka 1990 Serikali ya India ilitoa agizo la kushirikisha vijiji katika ulinzi wa misitu. Bwana Agarwal alifariki mwaka 2002, na kituo chake kilipewa tuzo ya maji ya Stockholm mwaka 2005.

MATATIZO HAYAKWISHA

Si haki kumficha msomaji upande wa pili. Katika kilima kilichopona uliota kwa wingi mti wa khair, ambao kiini chake hutoa katu, ile itafunwayo pamoja na tambuu. Ni mti wa fedha. Wanakijiji walioulinda walitumaini kupata sehemu yao, lakini miti ilikuwa bado ya Idara ya Misitu. Pia palikuwa na ubishi juu ya mapato ya bhabbar, nani achukue kiasi gani. Miaka ilivyopita, bidii ya chama ilipungua, na mabwawa mengine yakapungukiwa na matunzo.

Hilo nalo ni fundisho, nalo lafanana na lile la kwanza. Mtu asiye na shamba alikubali kulinda kilima alipopewa sehemu yake ya maji. Kijiji kizima nacho kilitaka sehemu yake ya miti. Haki iliyomfunga mbuzi ndiyo hiyo hiyo iliyotakiwa kati ya kijiji na serikali, na ilipokosekana ua ukaanza kulegea.

YA KUKUMBUKA

Hapa Kenya tunavyo vyama vya watumiaji wa maji na vyama vya jamii vya misitu, na mabwawa yetu nayo hujaa udongo. Basi mtakapokutana barazani kuzungumza juu ya bwawa au kilima chenu, kumbukeni mambo haya manne:

1. Fuateni matope mpaka yanakotoka. Kuchimba bwawa kila mwaka na kuacha kilima uchi ni kuteka maji kwa pakacha.

2. Anzeni na jambo litakaloleta faida upesi. Mtu aliyeona ngano yake ikiokoka hahitaji kusukumwa.

3. Ulizeni ni nani hatapata kitu katika mpango wenu. Huyo ndiye atakayeuvunja, wala msimlaumu. Mpeni sehemu.

4. Andikeni mapatano mapema, juu ya maji, majani na miti pia, kabla miti haijawa na bei. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kilima cha Sukhomajri kilipona kwa sababu jirani maskini aliulizwa anataka nini, kisha akapewa. Kazi hiyo haihitaji trekta.