Ekseli ya Mbele ya Lori la Zamani: Pima Kabla Hujalipa

Fundi akikwambia ekseli ya mbele imekwisha, usikimbilie skrepa. Mara nyingi kilichokwisha ni kingpini, bushi na beringi, na boriti yenyewe bado nzima. Seti ya kingpini na bushi ndiyo njia ya bei nafuu zaidi. Ongeza tu hela ya karakana ya kuchonga bushi zikae sawa, maana muuzaji hataitaja.

Boriti ikipinda au ikiwa na ufa, nunua nyingine. Usikubali ichomelewe: ni chuma cha kufua, na moto hukipunguzia nguvu.

Ukienda kununua, beba futikamba. Anza na bolti za tairi: pima katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoikabili. Malori makubwa ya Ulaya kwa kawaida yana bolti 10 na kipimo cha milimita 335. Ya Marekani nayo huwa na 10, ila kipimo ni 285.75. Mengi ya zamani ya Japani yana bolti 8, milimita 285. Kikipishana na chako, rimu zako hazitaingia, na rimu mbili pamoja na ya spea zitameza nafuu yote uliyopata kwenye ekseli.

Halafu pima umbali kati ya viti vya springi, kisha uangalie mkono wa usukani uko upande gani. Ekseli iliyotoka kwenye lori la usukani wa kushoto, kama yale ya Kongo au Burundi, mkono wake uko kushoto. Mkono uliofungwa kwa nati huenda ukahamishika; uliofuliwa pamoja na kiungo cha gurudumu, achana nao.

Boriti tupu ina bei ya kuvutia, lakini inafaa tu kama habu na dramu zako ni nzima na zinaikubali. Zikiwa zimelika, chukua ekseli kamili, hata ukilipa zaidi leo. Kununua habu moja moja ni ghali, na kwa malori ya zamani sana hazipatikani kirahisi.

Usisahau uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, ila boriti nyingi za zamani zilitengenezwa kubeba tani 6 au 7. Soma kibati chake kwanza.

Kabla ya kulipia winchi na usafiri, andikishana na muuzaji kwamba isipoingia ataipokea tena, na nani atalipa gari la kuirudisha.