Moto wa nyumba: tuhesabu kwa chungu, hapana kwa mufuko

Tangu mwisho wa mwezi wa tano, baridi inaingia mu manyumba yetu. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, na mu mwezi wa sita na wa saba kuko usiku ambayo inashuka chini ya digri 10. Ni wakati ule mama wa nyumba anaona mufuko wa makala unamalizika mbio. Kupika bukari, kutokotesha maji ya baba mwenye kwenda zamu ya asubuhi, kuosha watoto, kisha kuota moto: yote inatoka mu mufuko ule mumoja. Na mushahara hauongezeki juu ya baridi. Basi, baba na mama, tukae chini tuhesabu pamoja.

Watu wengi wanalinganisha bei ya mufuko wa makala na bei ya bombona ya gazi, kisha wanasema: «Gazi ni ya watajiri.» Hesabu ile si sawa. Mufuko na bombona si kintu kimoja. Inafaa kuuliza: kila moto unapika vyungu ngapi?

Ku mbabula ya kawaida, sehemu kubwa ya moto inapotea mu hewa; karibu sehemu moja juu ya tano tu ndiyo inaingia mu chungu. Gazi inaingiza zaidi ya nusu. Resho ya umeme inapita zote mbili. Ukihesabu vile, kilo 1 ya gazi inafanya kazi karibu sawa na kilo 4 za makala, ao kilowata-saa 10 za umeme. Bombona ya kilo 12 ni sawa na karibu kilo 48 za makala.

Sasa fanya hivi. Peleka makala yako ku mizani, ujue kilo moja inakulipisha franka ngapi. Zidisha mara 4. Kisha gawanya bei ya gazi kwa kilo zenye kuwa mu bombona. Hesabu yenye kuwa chini ndiyo yenye faida kwako wiki ile. Kwa umeme, zidisha bei ya kilowata-saa mara 10. Utaona pia jambo lingine: mama mwenye kununua makala kidogo kidogo, mu mifuko midogo ya plastiki mbele ya lupango, analipa kilo moja bei kubwa kuliko mwenye kununua mufuko muzima. Mwenye feza kidogo ndiye analipa zaidi. Ndiyo maana majirani wawili ao watatu wanaweza kuchanga, wanunue mufuko mumoja, wagawanye kwa mizani.

Umeme ungekuwa muzuri sana, lakini kila mutu anajua delestaje. Baraji ya Mwadingusha, ku muto Lufira, ilianza kazi mu 1930 juu ya migodi ya Union Minière. Mu 1982, nyaya za kutoka Inga zilifika Kolwezi, karibu kilometre 1.700. Mpaka leo kuko vijiji na makampi ambamo nyaya zinapita juu ya nyumba, zinaenda ku mugodi, na chini mama anawasha mbabula. Kwa hiyo usitumaini resho peke yake. Mwenye kuwa nayo apike maharagi saa umeme iko.

Makala nayo haitakuwa rahisi tena sawa zamani. Mu tanuru ya udongo, kilo 100 za miti zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Pori limerudi nyuma, mbali na muji, na mwenye kusukuma kinga yenye mifuko tatu anatembea njia ndefu zaidi. Safari ile tunailipa. Tena pale miti inakatwa, tunapoteza masuku, bowa na binkubala.

Kama makala ndiyo unaweza, uikomboe. Mbabula yenye udongo ndani inapunguza: kazi ya kilo 3 inafanywa na karibu kilo 2. Lowesha maharagi usiku muzima. Funika chungu. Ukimaliza kupika, zima makala yenye kubaki na uyaanike. Kesho itafanya kazi.

Lakini kuko bei moja ambayo mizani haionyeshe. Ni mbabula yenye kuingizwa mu chumba cha kulala, mulango umefungwa juu ya baridi. Wengi wanasema: «Makala imekuwa nyekundu, moshi umeisha, haina neno.» Si kweli. Makala nyekundu inatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inachukua nafasi ya oksijeni mu damu, mutu analala na haamuki.

Baba, wewe unajua jambo hili kuliko mutu yeyote. Huwezi kukubali kushuka mu shimo ambamo hewa haitembei. Kwa nini basi watoto wako walale mu chumba kama shimo lile?

Mbabula ikae inje, ao mu kikoni yenye madirisha wazi. Mbele ya kulala, na moto wa chakula cha mangaribi, tokotesha maji, tia mu chupa yenye kufungwa nguvu, funga na kitambaa, weka mu blanketi ya watoto. Mutu akisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, matapishi, miguu imelegea mu chumba chenye moto, mutoe inje haraka, fungua milango, mupeleke ku hospitali hata kama anasema amepona.

Blanketi ya pili inanunuliwa mara moja, na inatumika miaka. Mu hesabu zote za mwezi huu, ndiyo moto wa bei rahisi.