Twende Lubumbashi na liste moja

Mwezi wa munane ukifika, kila jamaa ya mufanyakazi wa mine inafanya hesabu ileile. Masomo itafunguka mwanzo wa mwezi wa tisa. Mutoto moja anaomba viatu, mwingine shati nyeupe na suruali ya bulu, wa tatu kaye na biki. Tangu mwaka 2019 masomo ya primere ya serikali ni ya bure, lakini iniforme, kaye na kartable zinabakia juu ya muzazi. Na bunga nayo iko inangojea.

Hapa kwetu Kolwezi wengi tunapita njia moja. Mushahara unaingia, tunalipa deni ya duka ya mutaa, tunabakia na kidogo, na kisha juma moja tunarudia mu duka ileile na kitabu cha deni mu mukono. Wengine wanapiga hodi kwa wale wakopeshaji wenye watu wanaita «banki lamberi». Kuko wenye kukupatia dolari 100 leo na kuomba 150 mwisho wa mwezi. Mutoto hajakaa bado ku banki ya masomo, mushahara wa mwezi wa tisa umekwisha kuliwa.

Sisi wadelege wa sindika tunapokea watu hawa kila mwezi. Wanakuja kulalamika juu ya sosiete, na ni haki yao. Lakini kitabu cha deni kikifunguliwa juu ya meza, tunaona kama nusu ya vita iko kwa mukubwa wa kazi, nusu ingine iko mu duka. Ndiyo sababu tumeanza kufanya safari ya soko pamoja: jamaa kumi, liste moja, feza moja, kwenda Lubumbashi na kurudi. Tunaandika hapa namna tunavyoipanga, ili wengine wa Likasi, wa Fungurume, wa Kambove wafanye vilevile.

Zamani soko ilikuwa kantini

Wazee wetu wa Gécamines wanasema hawakuhangaika hivi. Bunga ilikuwa inatolewa kila mwezi, masomo na lopitali vilikuwa vya sosiete. Kisha mambo yalianguka. Mu mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kwa ile wanayoita «départs volontaires», na wengi wanasema mpaka leo kama haikuwa kwa kupenda kwao. Sosiete za leo zinalipa feza, na wengi wetu tuko chini ya sosiete za sutretansi, zenye hazina kantini wala masomo. Kwa hiyo soko imekuwa kantini yetu, na mutu mwenye kuingia mu soko peke yake ni kama mutu mwenye kuingia mu mazungumuzo ya mushahara peke yake. Atapewa bei ya mutu moja.

Kwanza liste, kisha safari

Mukutano wa kwanza tunaufanya juma tatu mbele ya kuondoka. Kila jamaa inakuja na karatasi: vitu gani, ngapi, ukubwa gani. Viatu vya mutoto hatuandike kwa namba tu. Tunapima muguu wake na kamba na tunafunga kamba ile ku karatasi. Bei ya Kolwezi tunaiandika pembeni, maana bila hiyo hatutajua kama Lubumbashi ilitufaa ao hapana.

Mu mukutano moja wa namna hiyo mama moja alisimama na kusema:

— Papa delege, bwana yangu haniambiake mushahara yake. Nitaandika nini mu ile liste?

Wanaume wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Mama mwingine, mukubwa kwa miaka, akamujibu mbele ya mulezi wa kikundi hajafungua kinywa:

— Mudogo wangu, andika vitu vya batoto. Mushahara ataandika mwenyewe, juu ni yeye njo atalipa.

Na ni vile tulifanya. Liste ya vitu inaandikwa na mama, kiasi cha feza kinaandikwa na baba, na wote wawili wanatia sinyature. Pale namba mbili hazikutane, jamaa inarudi nyumbani kuongea. Hatupokei feza ya jamaa yenye haijasikilizana. Kuko mabwana walikasirika na sisi juu ya jambo hili. Tunawaambia: ndugu, unaomba sosiete ifungue vitabu vyake mbele ya sindika, na wewe hautaki kufungua karatasi yako mbele ya bibi yako?

Nani ataenda?

Hapa ndipo maneno inakuwa mingi, maana kila mutu anataka kuona Lubumbashi. Sisi pia tunapenda. Kutembea na marafiki ni furaha, na hatukatazi furaha. Lakini tuhesabu. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ni dolari 30 (ni mufano tu wa kufundisha hesabu, bei ya kweli mutaiuliza ku parking). Watu kumi wakienda, dolari 300 zinabakia mu barabara. Watatu wakienda kwa niaba ya kumi, ni dolari 90, kila jamaa inatoa 9. Zile 21 zinazobakia kwa kila jamaa ni viatu na kaye.

Tunatuma watu watatu: wawili wenye kujua soko, na mara mingi hao ni wamama, na moja mwenye kuandika. Safari inayofuata wanaenda watatu wengine. Ile zamu tunaiandika siku ya kwanza, ili pasiwe manunguniko. Mwenye anataka kwenda kutembea juu yake, aende na feza yake. Lakini hatatumia feza ya kikundi, na hatabebesha mizigo yake ku gari ya kikundi bila kulipa.

Si vitu vyote vya kununua kule. Sombe, tomati, makala, hivyo ni vya hapahapa. Hata bunga tunaipigia hesabu. Bunga mingi ya Katanga inatoka Zambia, na Lubumbashi iko karibu na mupaka kuliko sisi. Lakini kama tofauti ya bei ni kidogo kuliko feza ya kubeba mufuko, tunauacha. Tunauliza bei kwa telefone siku mbili mbele ya kuondoka. Wakati mwema ni kisha mavuno, tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa munane. Mwenye kungojea mwezi wa kwanza, wakati mahindi yangali mu shamba, atalia.

Wengine wanasema: «Tukifika Lubumbashi, juu ya nini tusisukume mpaka Kasumbalesa?» Ni kilometre 90 na kidogo, kweli. Lakini mupaka si soko ya mutaa. Mu mwezi wa munane wa mwaka 2024, Zambia ilifunga mupaka kwa siku kadhaa juu ya mabishano ya biashara na inchi yetu, na njia ya Kasumbalesa ilisimama. Feza ya masomo ya watoto hatuipeleke mahali penye mulango unaweza kufungwa usiku moja.

Feza na barabara

Feza haiwekwe mu mufuko wa mutu moja. Tunaigawanya kwa watatu, na sehemu kubwa inabakia mu telefone mpaka siku ya kununua. Noti za dolari tunaziangalia moja kwa moja mbele ya kutoka banki. Munajua wenyewe: noti yenye kupasuka hata kidogo ku pembe, ao yenye kuandikwa na biki, muuzaji ataikataa, na kule hauna mutu wa kukubadilishia. Tukibadilisha dolari kwa franka, wawili wanasimama pamoja mbele ya kambisti: moja anahesabu, mwingine anaangalia mikono. Franka tunazihesabu palepale, hatuzihesabu mu taksi.

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilometre 300 ku barabara ya taifa, kupitia Fungurume na Likasi. Ni barabara ya kamyo nzito zenye kubeba shaba na kobalti. Tunaondoka asubui na mapema, tunalala Lubumbashi kwa ndugu, na tunarudi muchana. Usiku, hapana. Shofere mwenye macho mekundu, mwenye amefika sasa hivi kutoka safari ingine, hatupande naye, hata kama tiketi imelipwa. Mu karyere tunakataa kuingia bila kaske na tunasema ni sheria. Uhai wetu haubadilike thamani kwa sababu tumetoka mu kazi na kuingia mu bisi.

Mu soko

Siku ya kwanza hatununue. Tunazunguka: soko Mzee, soko ya Kenya, Njanja, na depo za jumla. Tunaandika bei tatu kwa kila kitu. Jioni tunakaa, tunachagua. Siku ya pili ndiyo ya kununua, na tunaingia na neno moja: tunataka vingi. Kaye za watoto 30 si kaye za watoto watatu, na muuzaji anajua.

Tunabeba pia mizani ndogo ya kutundika. Bunga yenye kupimwa na meka, tunaangalia chini ya meka kama haikupigwa nyundo ili iingie ndani. Bunga ya mufuko tunaipima pia. Safari moja mama muuzaji alishangaa:

— Papa, mufuko imefungwa ku fabriki, utapima nini?

— Njo mana tunapima, mama. Haiko wewe mwenye uliifunga.

Mufuko wa kilo 25 ulionyesha kilo 23 na nusu. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akaita mutoto wake: «Leta ingine, na ingine, bapime yote.» Mifuko mitatu aliitosha pembeni ili amurudishie mwenye kumuletea. Alitushukuru, na yeye pia alikuwa anaibiwa. Tusiende mu soko kama adui wa bamama wauzaji. Wengi wao ni bibi na wajane wa wafanyakazi kama sisi.

Kila kitu kinaombewa fakture, hata ya karatasi ya kaye, yenye tarehe, kiasi na sinyature. Fakture ina kazi mbili. Ya kwanza ni njiani: tangu Katanga igawanywe mu 2015, tunatoka provense ya Haut-Katanga na kuingia Lualaba, na ku barriere watakuuliza mizigo ni ya nini. Tunaonyesha fakture na liste yenye majina ya jamaa kumi, tunaeleza kwa heshima kama si biashara, ni chakula na kaye za watoto. Na kama tunalipa kitu, tunaomba kitansi. Kazi ya pili tutaisema mwisho.

Kugawa mbele ya watu wote

Tukifika, mizigo haiendi nyumbani kwa delege. Inashuka mahali pa wazi, na siku ileile jamaa zote zinakuja. Mwandikaji anasoma kwa sauti: tulipokea hizi, tulitumia hizi kwa tiketi, hizi kwa kubeba, hizi kwa vitu, zimebakia hizi. Kila mutu anaangalia liste yake. Feza yenye kubakia inarudishwa, ao jamaa zote zikikubali, inaingia mu likelemba ya safari inayofuata. Delege mwenye anaogopa kusoma hesabu mbele ya wamama, asiombe kubeba feza yao.

Mushahara ni wetu

Mambo mawili ya kumalizia. La kwanza: hakuna mukubwa wa kazi mwenye haki ya kukulazimisha ununue mu duka fulani, ao kukulipa kwa bon ya duka ya rafiki yake. Mukataba namba 95 wa shirika la kazi la dunia (OIT), wa mwaka 1949, unasema mu kifungu cha 6 kama mwenye kuajiri asizuie kwa namna yoyote uhuru wa mufanyakazi wa kutumia mushahara wake. Mwenye analazimishwa, achunge ile bon na aje kwa delege.

La pili: safari hii haiongeze mushahara. Wakubwa wengine wakisikia kama tunajipanga, watasema: «Munaona? Feza inatosha, ni nyinyi hamukujua kuitumia.» Hapana. Jamaa yenye kupanga vizuri na kumaliza mwezi bila deni, lakini bila nyama na bila akiba, inaonyesha kama mushahara ni mudogo kwa kweli, si kwa maneno.

Na hapo ndipo fakture zinafanya kazi yao ya pili. Tunazichunga zote, mwaka kwa mwaka, pamoja na liste. Siku ya kukaa mu mazungumuzo na sosiete, hatuende tena kusema «maisha ni magumu» kama watu wenye kulia. Tunaweka karatasi juu ya meza: bunga ilikuwa hivi, sasa iko hivi, viatu vya mutoto wa miaka munane, hivi, mushahara wetu haukusogea. Mwenye kubisha, abishane na fakture.

Basi, mama wa nyumba, chukua karatasi leo. Baba, andika namba yako bila kuficha. Mutafute jamaa tisa zingine mu mutaa, muchague watatu wenye kuaminika, na muuliziane bei. Mukirudi, musitupe karatasi hata moja.